Ndege Mzima

Nchi ya Subirini haimo kwenye ramani, na wenyeji wake husema hilo ndilo lililoiokoa, maana nchi isiyoonekana haiulizwi maswali. Ina bendera, ina wimbo, ina bunge lenye viti vya kuzunguka, na ina wizara nyingi kuliko barabara. Ina pia shirika la ndege, kwa sababu nchi isiyo na ndege, alisema Mwasisi siku ya kulizindua, ni sawa na mtu aliyevaa suti akasahau viatu. Wananchi wengi hawakuwa na suti wala viatu, lakini siku ile ilikuwa ya kupiga makofi, wakapiga.

Ndege zilikuwa nne, na mkiani mwa kila moja iliandikwa kaulimbiu ya taifa: Haraka Haraka Haina Baraka. Abiria waliyasoma maneno hayo wakiwa wanasubiri, kwa hiyo waliyasoma sana. Ya kwanza iliitwa Amani, ya pili Umoja, ya tatu Uzalendo, ya nne Uvumilivu. Amani ilivunjika mapema, ikageuzwa stoo. Uzalendo ilipelekwa ng'ambo kwa matibabu, kama wafanyavyo wakubwa, na haikurudi. Umoja ilifunguliwa vipande vipande ili ndege ya nne ipate vipuri. Basi wakati wa mambo haya Subirini ilikuwa imebakiwa na Uvumilivu tu, na viongozi walisema hivyo hivyo kwenye hotuba zao, wasijue kwa nini watu walikuwa wanaangua kicheko.

Katika nchi za watu, fundi akimaliza kuikagua ndege hutia saini. Subirini karatasi hupotea, na isiyopotea hufungiwa maandazi. Kwa hiyo waasisi waliweka Kanuni ya Neno. Kabla ndege haijaruka, fundi mwenye leseni aiwekee mkono, na mkono ukiwa papo hapo atamke, rubani akisikia, neno moja tu: nzima. Akilitamka, ndege inaondoka. Asipolitamka, hata Rais aje na ving'ora, ndege hailambi upepo. Wakubwa wa anga wa ng'ambo waliikubali kanuni hiyo, nacho ndicho kitu pekee cha Subirini walichowahi kukikubali. Rubani aliyeruka bila neno alipoteza leseni ulimwenguni kote.

Mwenye neno, katika hadithi hii, alikuwa Fundi Hatibu Mwinchande, mtu mwembamba, mpole, mwenye kucha zisizotakata hata siku ya Idi. Alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa mkali wa jambo moja: salamu. Salamu ya mtu, alimfundisha, ni ya Mungu, na asiyeiitikia kamnyima Mungu. Hatibu akakua akiitikia kila salamu aliyopewa, ya mkubwa na ya mtoto, hata ya kasuku wa Mama Chausiku muuza chai pale karakana, ambaye alijua kusema "mzima?" na kutukana kidogo.

*

Mgogoro wa mafundi ulianza na ngazi. Mafundi wa karakana waliomba ngazi, yaani kitu cha kupandia, cha chuma ama cha mbao, maana iliyokuwepo iliazimwa na Ikulu kufungia taa za sikukuu na haikuonekana tena. Ili kufika juu walikuwa wanapandisha pipa juu ya pipa, mkono mmoja unafanya kazi, mwingine umeng'ang'ania ndege. Mzee Salehe Kibwana, fundi mkongwe aliyewafundisha wengi wao, alikuwa ameshaanguka akavunjika nyonga.

Uongozi ulijibu kwamba suala la ngazi limepelekwa ngazi za juu. Mafundi walifurahi, wakajua zinakuja. Walipouliza tena wakaambiwa ngazi za juu zimelirudisha ngazi ya kati kwa ushauri. Ikaundwa kamati, kamati ikasafiri ng'ambo kwa ndege za wenzetu kutazama ngazi za wenzetu, ikarudi na taarifa nene kwamba ngazi ni kitu muhimu. Mafundi waliomba na jambo la pili, kwamba aliyekaza nati asiwe yeye tena wa kuthibitisha kuwa imekazwa. Hilo uongozi ulilikataa papo kwa papo, ukasema taifa limejengwa juu ya kuaminiana.

Katiba ya Subirini inaruhusu kugoma, ila kwa kibali, na mtoa vibali alikuwa likizo. Mafundi wakaona basi wafanye kazi kama kitabu cha kazi kinavyosema, neno kwa neno, bila kuruka mstari. Nchi nzima ikasimama. Waziri wa Mambo ya Juu, ambaye anga yote ilikuwa chini yake, alitangaza redioni kwamba kufuata kanuni kwa makusudi ni hujuma. Hapo mafundi walichoka, wakaweka spana chini, na kabla jua halijazama wakastaafishwa wote kwa manufaa ya umma. Umma haukuulizwa. Wengi wakavuka mipaka kwenda nchi zenye ngazi.

Hatibu peke yake hakugoma. Siku spana zilipowekwa chini alikuwa ndani ya mkia wa Uvumilivu, kajikunja na kurunzi mdomoni, na filimbi ya kugoma haikumfikia. Alipotoka, karakana ilikuwa tupu, na Mkurugenzi Mkuu wa shirika, Bwana Chanzi, alikuwa anamngojea na shada la maua. Redio ikamwita shujaa. Wenzake wakamwita msaliti. Yeye hakuwa hili wala lile, alikuwa mkiani tu. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Salehe kueleza. Mzee akaiitikia salamu yake kutoka kitandani, ila hakumwambia karibu, na Hatibu alirudi amebeba kidonda ambacho hakikupona.

Alijaribu kuacha kazi. Akaambiwa haiwezekani, kwa sababu aliyekuwa anapokea barua za kuacha kazi ameacha kazi.

*

Serikali haikukaa kimya. Ilitoa tangazo magazetini: WANATAKIWA MAFUNDI. Foleni ilizunguka uwanja wa ndege ikatokea upande wa pili. Walikuja mafundi cherehani, mafundi saa, mafundi bomba, waashi, fundi mmoja wa majini aliyekuja na chetezo chake, na mama mmoja ambaye alikuwa fundi wa maneno. Bwana Chanzi, aliyepata ukurugenzi kwa kuwa shemeji wa mtu, aliona fundi ni fundi, akawaingiza wote. Kwa muda mfupi Uvumilivu ikapata mapazia mazuri na saa ya ukutani. Fundi cherehani mkuu aliizunguka ndege, akashauri ipunguzwe kidogo kiunoni. Waashi waliziba tundu moja kwa saruji. Hatibu akaitumia siku nzima kuibandua, na kesho yake akawaomba wote, kwa adabu, waende zao.

Katika kubandua saruji ndipo alipouona ufa.

Ulikuwa kwenye kishikio cha injini ya kushoto, chuma kinachoibeba injini isidondoke. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Aliupitishia ukucha, ukucha ukanasa. Akakaa chini ya bawa, maana alijua kishikio kama kile hakitengenezwi, hubadilishwa, na cha kubadilishia kilikuwa kimekwenda na Uzalendo ng'ambo. Kesho yake asubuhi Kapteni Danstani Mbawala, rubani wa mwisho wa shirika, aliposimama mbele yake kusikiliza neno, Hatibu aliuondoa mkono kwenye ndege akasema hana neno.

Bwana Chanzi alimwita ofisini, akamnywesha chai ya maziwa. Alimwambia ufa huo ni wa tangu utawala uliopita, kwa hiyo si wao. Hatibu akamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana Chanzi akasema ukuta ni wa Wizara ya Ujenzi. Kisha akaeleza kwamba Siku ya Anga inakaribia, Waziri ameshaahidi kuwapeleka wazee wa taifa kisiwani Kiwambo kwa ndege, na kivuko hakipo tena, kimezama kikiwa kimefungwa gatini chini ya uangalizi wa Wizara ya Mambo ya Chini. Uvumilivu lazima iruke. Hatibu alisema hawezi kuiita nzima ndege ambayo si nzima. Jioni ile ufa ukatangazwa kuwa siri ya taifa, na kuanzia hapo, kisheria, haukuwepo. Kuutaja, hata kwa mke kitandani, kulikuwa uhaini. Hatibu hakuwa na desturi ya kwenda na mambo ya kazini nyumbani, na sasa hata angetaka, alikuwa amezibwa mdomo.

*

Aliyepata dawa alikuwa Waziri mwenyewe, na aliipata bafuni. Aligundua kwamba ndege ni ndege.

Alipeleka hoja bungeni akiwa amevaa tai ya manyoya. Kwa miaka mingi, alisema, taifa limekuwa likiidhalilisha ndege yake kwa kuisema kama meza au ndoo: ndege hii, ndege nzima, ndege imeruka. Je, hana mbawa? Hana mkia? Hana tumbo? Hatui, haruki? "Waheshimiwa," alisema, "kama huyu si ndege, basi mimi si waziri." Wabunge waliogopa kuchagua, wakapitisha. Mjumbe wa Baraza la Lugha aliitwa atoe maoni. Aliulizwa kwanza kama ana mtoto anayesubiri ajira serikalini, akasema anaye, na baada ya hapo maoni yake yalikuwa mazuri.

Kuanzia siku ile ndege ya Subirini ikawa na roho, na msimulizi wenu, ambaye hana ubavu wa kushindana na sheria, kuanzia hapa atasema naye ndege huyu. Magazeti yakaacha kuandika ndege imechelewa, yakaandika ndege amechelewa, na abiria wakapungukiwa na hasira, maana anayechelewa mwenyewe huenda ana sababu zake. Kanuni ya Neno nayo ikarekebishwa. Neno halikuwa tena nzima. Likawa mzima.

Na kwa kuwa ndege sasa ni kiumbe, akahamishiwa Wizara ya Mifugo, yenye wataalamu tele. Akaletwa Bwana Mifugo wa kanda, Ezekia Mlongo, mtu mwema aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa kuku. Alimzunguka Uvumilivu na ndoo yake. Akauliza kama anakula vizuri. Akamchanja kideri gurudumuni. Akainama chini ya injini ya kushoto, akatazama oili iliyokuwa inadondoka, akaandika kwamba anaharisha, atengwe na wenzake, na kwa kuwa hakuwa na wenzake akahesabiwa ametengwa. Kisha mbele ya wapiga picha akatangaza kwamba ndege ni mzima. Walipobaki wawili alimsogelea Hatibu, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Ndugu yangu, mimi kuku akiwa hivi huwa nawaambia wenyewe wamchinje mapema, angalau wapate kitoweo."

Hatibu alimshika mkono, akakaribia kulia kwa shukrani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia ukweli tangu mgomo. Lakini Kapteni Danstani alikuwa amegoma kivyake. Alisema ya Bwana Mifugo ameyasikia, ila leseni ni yake na watoto ni wake, naye ataruka kwa neno la fundi. Hatibu aliondoka pale amepumua. Alidhani wakubwa wamechezea sarufi na sarufi imewatupa mkono. Hakuona walichokifanya, wala wao wenyewe walikuwa hawajakiona.

*

Alikiona kwanza Bwana Chanzi, akiwa anakunywa chai kwa Mama Chausiku. Hatibu alipita, amejiinamia. Mama Chausiku akamuuliza, kama alivyomuuliza kila siku, u mzima? Naye akajibu, kama alivyojibu kila siku, mzima. Kikombe cha Bwana Chanzi kikabaki hewani.

Kwani nani asiyesema mzima? Subirini mtu aliyelazwa, drip mkononi, ukimuuliza atasema mzima, kisha ndipo aongeze ila kifua tu. Mwenye msiba husema salama, halafu akueleze nani kafa. Kwanza ni adabu, habari huja baadaye.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi alifika karakana mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, akaomba aonyeshwe mlango ulipo. Alimkuta Hatibu kando ya Uvumilivu. "Fundi, za asubuhi? Mzima?" Hatibu akasema mzima, Mkurugenzi, na nyuma ya turubai makofi yakalipuka. Kapteni Danstani akatokea, amevaa kofia tayari. Akauliza jambo moja tu, mkono wa fundi ulikuwa wapi. Mkono ulikuwa mfukoni, ukitafuta leso. Kapteni akavua kofia, makofi yakanyamaza, na Hatibu akaelewa kila kitu kwa mara moja.

Tangu hapo, kila akiwa karibu na ndege, alijibu salamu kwa maneno mengine: njema, salama, shwari. Bunge likakaa kwa dharura na kutafsiri kwamba maneno hayo yote, pamoja na poa na alhamdulilahi, maana yake ni mzima. Basi Hatibu akaacha kujibu kabisa. Hakuwa na njia ya kuukwepa mguso wenyewe. Kila siku ilimbidi apande kuutazama ufa umefika wapi, na juu ya mapipa, mtu asiposhika ndege, anashika ardhi.

Wakubwa wakawa wanamtumia watu. Alikuja imamu wa msikiti wake, akatoa salamu kamili kutoka chini, na Hatibu huko juu akang'ata midomo. Akaja mwalimu wake wa shule ya msingi, bibi mwenye fimbo, akamsalimu kwa jina la utotoni. Kimya. Aliletwa hata Mzee Salehe Kibwana kwenye kiti cha magurudumu. Wakamwambia nenda ukapatane na mwanafunzi wako, na mzee, asijue la nyuma ya pazia, akainua uso akasema yaishe, mwanangu, u mzima? Hayo ndiyo maneno ambayo Hatibu alikuwa ameyaomba kwa Mungu. Akageuza uso ukutani. Mzee akasukumwa kurudi alikotoka, na mtu juu ya mapipa akalia bila sauti, mkono ungali kwenye chuma.

Mjini wakasema cheo kimempanda kichwani. Wengine wakasema amerogwa na yule fundi wa majini. Mke wake, Hidaya, alikuwa akiulizwa kisimani kama mumewe ni bubu siku hizi, na akirudi nyumbani alimtazama tu mumewe anavyochezea wali sahanini. Hata kasuku alinuna.

Ufa ulikuwa haununi. Ulikuwa unarefuka.

*

Siku ya Anga ilipambazuka na bendi ya polisi. Uwanja ulifungwa vitambaa, Waziri wa Mambo ya Juu akawekwa kwenye jukwaa lililoinuliwa kidogo kuliko mengine, na wazee wa taifa wakaketishwa kwenye viti vya plastiki wakisubiri kusafirishwa Kiwambo. Hatibu alikuwa amepanda mapipa tangu asubuhi. Alikuwa na mpango mmoja uliobaki. Alimwomba Kapteni Danstani apande auone ufa kwa macho yake, siri ya taifa au si siri.

Kapteni alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa. Kanuni, alisema, inasema rubani asikie. Haisemi aone. Akiona, atakuwa ameingilia kazi ya fundi, na yeye ni mtu wa kufuata kanuni.

Hatibu alikuwa bado anamsihi, shavu kwenye injini, mkono wa kushoto umekumbatia kishikio chenyewe, wa kulia umeshika kurunzi. Ndipo akasikia hodi chini yake. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. Akatazama.

Alikuwa Bi Sikudhani, mama yake Hidaya, mkwewe. Kavaa kanga mpya, asmini sikioni, mkononi ana kikapu cha maandazi ya harusi. Gari la shirika lilimfuata kijijini kwake alfajiri. Bwana Chanzi, katika kutafuta kwake, alikuwa amegundua kwamba mjukuu wa bibi huyu anaolewa Kiwambo, na kwamba tangu kivuko kizame hajawaona wa huko. Akampa kiti cha mbele bure, na ombi dogo, kwamba kabla ya kupanda akamsalimie mkwe.

Mwanamume wa Subirini hamtazami mkwewe usoni, hali mbele yake, hapandishi sauti akiwepo. Kumkuta yuko chini na wewe uko juu ni aibu peke yake. Mwili wa Hatibu ulijua hayo kabla yeye hajajua. Alitaka kushuka, pipa likayumba, akang'ang'ania ndege kwa nguvu zaidi, na shikamoo ikamtoka.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Sikudhani, amefurahi kweli. "Hamjambo? Wazima huko juu?"

"Wazima, mama."

Wala hakujisikia akisema. Ilisema adabu, ilisema bibi yake aliyekufa zamani, ikasema miaka yote ya kulelewa vizuri. Alijua amesema alipoona Kapteni Danstani anavaa kofia.

Angekuwa na ngazi, angekuwa ameshika ngazi.

*

Bendi ilipiga. Waziri alinyanyuka jukwaani, akaeleza kwa furaha kwamba fundi amejibu kwa wingi, wazima, na kwa hiyo ndege wote wa taifa wamethibitishwa kwa pamoja, akiwemo Umoja ambaye alibaki bawa moja, na Uzalendo popote alipo. Hatibu alishuka kwa kuporomoka, akachubuka viwiko, akamkimbilia Kapteni akisema kuna ila, anayo ila, hakumaliza kusema. Bwana Chanzi akamjibu kwa upole kwamba sheria imeliona hilo. Jibu la kwanza ndilo tamko, yanayofuata ni maongezi.

Akamkimbilia mkwewe, aliyekuwa ameshafika kwenye ngazi ya kupandia abiria, maana ngazi ya abiria ilikuwepo siku zote, ina zulia jekundu, na mafundi hawaruhusiwi kuigusa. Alimshika kikapu, kitu ambacho mkwe hafanyi.

"Mama, usipande. Si mzima huyu. Nimekudanganya."

Bi Sikudhani alimtazama muda mrefu. Alikuwa amesikia maneno ya watu juu ya mkwe wake, na asubuhi ile alikuwa amefurahi kuona ni uongo.

"Mwanangu, kila mtu husema mzima. Sasa kila aliyenijibu mimi maisha yangu yote alikuwa mwongo?" Akacheka, akampigapiga mkono uliochubuka. "Unanihofia tu. Mimi sijawahi kupanda, nahofu pia. Niombee dua, mwenzio nikacheze harusi."

Akakichukua kikapu chake mkononi mwa Hatibu, akapanda. Vijana wa itifaki walimkokota Hatibu pembeni kwa ustaarabu mkubwa, wakimpongeza. Mlango ukafungwa. Uvumilivu alikohoa, akakohoa tena, akapata pumzi. Akajikokota hadi mwisho wa uwanja, akageuka, akaja mbio, na wazee dirishani walikuwa wanapunga. Aliruka. Injini ya kushoto ilipita juu ya kichwa cha Hatibu, naye akaisikia inatikisika pale penye ufa. Wengine wote walisikia bendi.

Waziri alianza hotuba. Alisema leo dunia imeona kwamba nchi haihitaji mafundi wengi, inahitaji mmoja mwenye malezi mema. Alisema suala la ngazi sasa limefungwa. Akatangaza kwamba Fundi Hatibu atapewa nishani, na kwamba kuanzia kesho, ndege akirudi, kila raia ana haki ya kuja kumsalimia. Kisha akaunyooshea umati kipaza sauti akauliza, wananchi, wazima? Na umati, wenye njaa na wasio na njaa, ukaitika kwa pamoja kwamba ni wazima.

Simu ya Hatibu ililia mfukoni. Alikuwa Hidaya. Alisema mama ametumiwa gari ghafla, wala yeye hakupata nafasi ya kumtayarishia chochote, lakini Mungu mkubwa, bibi wa watu leo amepanda ndege. Akasema amelisikia jina la mumewe likitajwa kwenye televisheni ya jirani, na kwamba wale wa kisimani leo watanyamaza. Halafu, kama anavyouliza kila akipiga, akauliza:

"Wewe je? Mzima?"

Hatibu alijitazama mkono. Haukuwa umeshika kitu. Karibu yake hapakuwa na ndege, wala rubani, wala shahidi, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze hakukuwa na sheria iliyolivizia jibu lake.

"Si mzima, Hidaya," alisema. "Si mzima hata kidogo."

"Pole, mume wangu," alisema Hidaya, na sauti yake ilijaa huruma. "Nilijua tu, siku zote hizi huli. Rudi nyumbani ujilaze, nitakupikia uji. Mama akifika atatupigia."

Hatibu akasema haya. Hakurudi mara moja. Alisimama palepale, nyuma yake watu wakipiga makofi, akausikiliza mngurumo ukienda upande wa baharini, akausikiliza mpaka ukaisha.